Kamati ya maafa ya kijiji chenu imekaa lini mara ya mwisho?

(Hotuba kwa wenyeviti wa vijiji na mitaa, watendaji na madiwani wa kanda ya ziwa. Nimeiandika kama nilivyoongea, kwa sababu wengi waliomba wawe nayo kwenye simu.)

Mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wangu, wazee shikamooni, vijana habari zenu, asanteni sana kwa kunipokea.

Nimeombwa niongee kuhusu sheria za maafa na vyombo vyake, na nitaongea, ila nitaanzia chini badala ya juu. Semina za sheria hii nilizokaa mimi zote zinaanzia Ofisi ya Waziri Mkuu, zinashuka mkoani, zikifika wilayani muda umeisha watu wanaenda kula, kijiji kinabaki mstari mmoja wa mwisho. Wakati maafa yenyewe hayaanzii Dodoma. Yanaanzia kwenye kitongoji cha mtu, kwenye mwalo wanapotia nanga wavuvi, kwenye korongo nyuma ya shule ya msingi, na dakika 30 za kwanza, zile zinazoamua nani anapona na nani anakufa, anayekuwepo pale ni jirani.

Nyie watu wa ziwa hili mnayajua. Tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kinatoka Bugolora kwenda Ukara, kimetengenezwa kubeba watu 101 na ndani wamejaa zaidi ya mara mbili ya hao pamoja na mizigo, kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, watu wa nchi kavu wanakiona. Zaidi ya watu 220 walikufa. Waliopona walikuwa 41. Na waliowatoa wale wa mwanzo majini ni wavuvi na wanakijiji na mitumbwi yao, halafu giza likaingia, uokoaji ukasimama mpaka asubuhi. Siku mbili baadaye akatolewa fundi mmoja wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Hai, siku ya pili! Mimi jambo hilo huwa linanisumbua mpaka leo, maana linakwambia usiku ule muda ulikuwa bado upo, kilichokosekana ni taa, wazamiaji na vifaa vya kufanyia kazi gizani.

Miaka minne baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air inaanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, ina watu 43, wakapona 24, wakafa 19. Nani alifika wa kwanza? Wavuvi tena. Yule kijana Majaliwa Jackson mnamkumbuka, alifika na mtumbwi akahangaika na mlango kwa kasia, serikali ikaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ni haki yake kabisa. Lakini ile ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza pia upande wa pili, kwamba boti ya uokoaji ilichelewa, haikuwa na mafuta ya kutosha, na wazamiaji walikuwa na upungufu wa hewa kwenye mitungi. Uwanja wa Bukoba uko kandokando ya maji, ndege zinapita juu ya ziwa kila siku, yaani sio jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulifikiria.

Sasa ndo niingie kwenye sheria.

Tanzania Bara tumekuwa na sheria tatu za maafa. Ya kwanza ni ya 1990, Sheria namba 9 ya mwaka huo, ilihusu kuratibu misaada, ikaunda kamati ya taifa iliyojulikana kama TANDREC. Ukiangalia fikra ya sheria ile ni kwamba maafa yakishatokea serikali inakusanya mahindi, mablanketi na mahema inapeleka. Kwa wakati ule ilikuwa na maana yake, tulikuwa tunatoka kwenye miaka ya njaa. Lakini MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 hapa karibu na Mwanza, mahindi na mablanketi yalikuwa hayasaidii chochote. Meli ilikuwa imepinduka, watu wako ndani wanagonga vyuma, na inasimuliwa mpaka leo kwamba walipotoboa ule mwili wa meli ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka na meli ikazama. Waliotoboa walikuwa wanataka kuokoa, sina lawama kwao hata kidogo, lakini utaalamu wa kuokoa watu kwenye meli iliyopinduka haujifunzwi siku hiyohiyo huku watu wanalia ndani.

Ya pili ni Sheria namba 7 ya 2015. Hii ilikuja na mawazo mapya, ikasema tuwe na Wakala wa Usimamizi wa Maafa, tupunguze hatari kabla, tusisubiri. Mwaka uleule dunia ilikuwa imekubaliana kule Sendai, Japani, mwongozo wa 2015 mpaka 2030 ambao msisitizo wake ni kupunguza hatari na sio kugawa misaada tu, kwaiyo tulikuwa tunaenda na wakati. Ila wakala ule haukuja kusimama kama ilivyoandikwa, kazi ikaendelea kufanywa na Idara ya Menejimenti ya Maafa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Ya tatu ndo tunayoitumia saivi, Sheria ya Usimamizi wa Maafa namba 6 ya 2022. Hii ilifuta ile ya 2015, ikaacha habari ya wakala, ikaweka uratibu kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu moja kwa moja, halafu ikajenga ngazi za kamati: taifa, mkoa, wilaya, kata, mpaka kijiji na mtaa. Ikaweka pia Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa.

Naomba hapo tusimame kidogo kwa sababu hapo ndo kiini cha nilichokuja kusema. Kamati ya maafa ya kijiji sio hisani ya mkurugenzi, sio mradi wa NGO ambao ukiisha na fulana zinaisha. Ni chombo cha kisheria. Ipo kwenye sheria ileile inayoipa Ofisi ya Waziri Mkuu kazi ya kuratibu maafa. Mwenyekiti wa kijiji ambaye hana kamati ya maafa ana pengo la kisheria kama ambavyo angekuwa hana halmashauri ya kijiji, tofauti ni kwamba halmashauri ya kijiji isipokuwepo DC atauliza kesho asubuhi, kamati ya maafa isipokuwepo hakuna anayeuliza mpaka siku tunahesabu maiti.

Wengine mtasema mbona kamati tunayo. Ndiyo, majina yapo kwenye daftari. Lakini nimezunguka vijiji vingi na naomba niseme kwa heshima zote, kamati nyingi zimezaliwa siku ya maafa. Mvua imeshanyesha, nyumba zimeshaanguka, simu inatoka wilayani "tuleteeni taarifa ya kamati", ndo mtendaji anakaa anaandika majina. Na kazi yake ya kwanza na ya mwisho inakuwa kuorodhesha waathirika ili wapate unga. Hapo tumerudi 1990.

Nizungumzie Hanang, maana pale unaona yote kwa pamoja, yaliyofanyika vizuri na yaliyokosekana. Tarehe 3 Desemba 2023 alfajiri sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa imelowa maji ya mvua ilimeguka, tope, mawe na magogo vikashuka kwa nguvu kufuata mkondo wa mto Jorodom mpaka Katesh, Gendabi ikafukiwa, watu zaidi ya 80 wakafa wengi wao wakiwa majumbani mwao, na watoto wengi mno. Baada ya tukio serikali ilihamia pale. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akakatisha safari, jeshi likaja, mawaziri wakapiga kambi, majeruhi wakatibiwa bure, na baadaye zikajengwa nyumba zaidi ya 100 za waathirika. Mimi nasema hilo lilifanyika vizuri na lazima tuliseme, maana kuna nchi nyingi mtu aliyefukiwa na tope hajengewi nyumba.

Lakini rudi nyuma miezi mitatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imeshatangaza kwamba vuli ya 2023 kutakuwa na El Nino na mvua za juu ya wastani. Tangazo lilitoka, redio zilisema, magazeti yaliandika, na TMA ina sheria yake ya 2019 inayoipa jukumu la kutoa tahadhari, kwaiyo sehemu yake iliifanya. Swali ni hili: kati ya tangazo la TMA na mama aliyelala na wanae pembeni ya mto chini ya mlima, ni nani kisheria mwenye kazi ya kulitafsiri lile tangazo liwe "mama, usiku wa leo usilale hapa"? Mkoa hauwezi, wilaya haiwezi, hawajui nani analala wapi. Anayejua ni balozi, ni mwenyekiti wa kitongoji, ni wewe. "Mvua za juu ya wastani" mtu hawezi kufanya nayo kitu, lakini "maji yakifika jiwe lile pale chini ya daraja, wote wa upande wa kushoto tunapanda shuleni" hiyo mtu anaifanyia kazi, hata mtoto wa darasa la tatu. Na sentensi ya namna hiyo haiwezi kuandikwa Dodoma, inaandikwa na watu wanaolijua hilo jiwe.

Kuna mahali mfumo wetu umefanya kazi vizuri na ni hukuhuku kanda ya ziwa, ndo maana nakataa wale wanaosema Tanzania haiwezi. Machi 2023 Kagera ikapata Marburg, ugonjwa ambao hatukuwahi kuwa nao nchini, unaua haraka, hauna chanjo iliyoidhinishwa. Kata za Maruku na Kanyangereko kule Bukoba Vijijini. Wagonjwa walikuwa 9 na waliokufa 6, mmoja wao mhudumu wa afya, Mungu amrehemu. Walifuatiliwa watu zaidi ya 200 waliokaribiana na wagonjwa, siku kwa siku, na tarehe 2 Juni ukatangazwa umekwisha. Jiulizeni kwa nini pale tuliweza. Kwa sababu afya wana ngazi zinazofanya kazi kila siku, sio siku ya maafa tu: kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejulikana kwa jina, kuna zahanati, kuna maabara, kuna fomu, kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inayosema nani anaripoti nini kwa nani. Mhudumu yule alikuwa ameshazoea kugonga mlango wa fulani kwa ajili ya chanjo ya mtoto, kwaiyo alipogonga kuuliza habari ya homa hakuwa mgeni. Kamati ya maafa ya kijiji inatakiwa iwe na mazoea ya namna hiyo.

Vyombo vingine nitavipitia haraka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007, liko Wizara ya Mambo ya Ndani, namba ya simu ni 114, iandikeni kwenye mbao za matangazo leo, na kila mwenyekiti ajue kituo cha karibu kiko umbali gani, maana kama gari linatumia saa mbili kufika kwenu basi mpango wenu wa moto lazima uwe wa kwenu wenyewe kwa hizo saa mbili. Polisi, JWTZ, Msalaba Mwekundu mnawajua. Rais ana mamlaka ya kutangaza hali ya hatari chini ya ibara ya 32 ya Katiba, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa pale ni balaa au baa ya kimazingira inayotishia jamii, ila hiyo ni ya mambo makubwa mno na haiwahusu sana nyie kwa kazi za kila siku. Na Zanzibar wana mfumo wao kamili, Sheria ya Kukabiliana na Maafa namba 1 ya 2015 na Kamisheni yao, na ukikumbuka wameshazika watu wa MV Spice Islander ya Septemba 2011 pale Nungwi na MV Skagit ya Julai 2012, chini ya mwaka mmoja baadaye, utaelewa kwa nini waliamua kuwa na kamisheni inayosimama yenyewe. Kuna watu wanaona Bara nasi tungebaki na chombo kinachojitegemea kama ilivyotakiwa 2015. Mimi nadhani hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa idara ndani ya ofisi kubwa inashindana na mambo mengi ya siku kwa siku, lakini sitaki tupotezee muda hapo, maana hata kikiwepo chombo kizuri namna gani huko juu kijiji kikiwa hakina kitu matokeo ni yaleyale.

Majirani zetu Wakenya wanatufundisha jambo hapa. Katiba yao ya 2010 imeliweka suala la maafa kwenye orodha ya kazi za serikali ya taifa na pia kwenye orodha ya kazi za kaunti, alafu wana kituo cha operesheni za maafa, wana kitengo cha menejimenti ya maafa, wana mamlaka ya ukame yenye sheria yake ya 2016, na kwa zaidi ya miaka 10 baada ya Katiba hiyo walikuwa bado wanajadili miswada ya sheria moja ya kuviunganisha vyote. Ile mamlaka ya ukame wameijenga vizuri, ina watu kwenye kaunti zenyewe za ukame na taarifa zake zinatoka kila mwezi. Lakini Aprili 2024 maji yalipojikusanya nyuma ya tuta la reli juu ya Mai Mahiu mpaka yakapasua usiku na kubeba vijiji, swali lililoulizwa kila mahali ni nani alikuwa na kazi ya kuliangalia lile tuta. Kazi ikiwa ya watu watano inakuwa haina mwenyewe. Kwetu sheria moja tunayo, mlolongo upo, kwaiyo hiyo sababu sisi hatuna.

Turudi kwenye fedha kwa sababu najua hapo ndo kila mtu anaangalia saa. Mfuko wa Taifa upo kisheria. Kule Kagera baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9, Watanzania walichanga sana, na mnakumbuka mjadala wa akaunti za michango ulivyokuwa mpaka viongozi wawili wakatenguliwa. Ndo ujue umuhimu wa mfuko mmoja wenye utaratibu unaojulikana kabla hata michango haijaanza. Lakini mfuko wa taifa kwa asili yake unasubiri tukio kubwa. Hautanunua filimbi za kitongoji. Hautalipa mtu wa kusafisha kalavati lililoziba kwa majani ya migomba kabla ya masika. Vitu hivyo ni vya bei ndogo, na kwa uzoefu wangu ndivyo vinavyookoa watu wengi kuliko mahema yote ya dunia.

Hapa kuna sheria nyingine ambayo mnaishi nayo kila siku na hamuitumii kwa jambo hili, Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, sura ya 287. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili, halmashauri ya wilaya ikaipitisha, ikawa sheria kamili. Mnatunga za mifugo kuzurura, za kilevi saa za kazi, za utoro wa watoto shuleni. Tungeni ya korongo! Andikeni kwamba upande huu wa mto hakuna kibali cha kujenga, andikeni kwamba mtumbwi hautoki mwaloni bila jaketi okozi kwa kila aliyemo, andikeni kwamba kivuko cha watu binafsi kikizidisha idadi nahodha analipa faini na abiria wanashushwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ziwa, mto au bahari, kwaiyo hamuanzi kwenye hewa, mna pa kusimamia.

Na hili la mita 60 nataka nilisemee kwa uchungu kidogo. Dar es Salaam, bonde la Msimbazi, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zikapigwa alama ya X nyekundu zikabomolewa, watu wakilia na vitanda vyao barabarani. Sababu iliyotolewa ni ya kweli, pale ni njia ya maji. Lakini bonde lilelile pale Jangwani tukajenga karakana ya mabasi ya mwendokasi, na maji yakaja yakayafunika mabasi, sio mara moja. Mwananchi anayeambiwa ahame huku anaona serikali inajenga palepale hawezi kukuelewa hata ukimsomea sheria nzima. Kwaiyo nyie viongozi wa vijiji mkitunga hiyo sheria ndogo ya korongo, hakikisheni darasa jipya, ofisi ya kijiji na kisima cha mradi navyo haviko ndani ya korongo. La sivyo msiitunge, mtakosana na watu bure.

Mradi wa bonde la Msimbazi unaoendelea sasa unalitambua hilo, na daraja la Jangwani linainuliwa, hayo ni mambo mazuri. Rufiji na Kibiti bado kuna kazi. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilishaua watu 155 nchi nzima na kuathiri zaidi ya 200,000, na picha za Rufiji, watu juu ya mapaa, mashamba yote yamekuwa ziwa, tuliziona wote. Pale ndo utaona umuhimu wa kamati ya kijiji kuwa na simu ya moja kwa moja na wanaosimamia maji ya juu ya mto, bwawani na bonde zima. Mkulima wa Mohoro anahitaji siku mbili tatu za kuhamisha mpunga wake na wazazi wake, hahitaji maelezo ya kitaalamu baada ya wiki.

Sasa kamati yenyewe ifanye nini, kwa vitendo. Sitawapa orodha ndefu kwa sababu orodha ndefu huwa zinakaa kabatini. Ikae kabla ya vuli na kabla ya masika, angalau. Siku hiyo itembee, sio kukaa tu ofisini, itembee kijiji chote na mzee mmoja anayekumbuka maji yaliwahi kufika wapi, maana wazee wanajua, tatizo hawaulizwi. Ijue kwa majina nani hawezi kujihamisha mwenyewe: bibi fulani haoni, kijana fulani anatumia kiti cha magurudumu, mama fulani ana mapacha wa wiki mbili, na kwa kila mmoja kuwe na jirani wawili wenye kazi ya kumtoa, wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini. Ijue nani ana mtumbwi wenye injini, nani ana trekta, nani dereva wa boda anayeweza kutoka usiku, funguo za shule anakaa nazo nani, maana nimeona watu wamesimama na watoto kwenye mvua mbele ya darasa lenye kufuli. Mkubaliane alama ya hatari, iwe kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti, ngoma, chochote ambacho kila mtu atakijua hata akiwa hana chaji. Sheikh na mchungaji wawemo kwenye kamati kwa sababu hiyo. Na wawemo wanawake ambao ndo wanakuwa nyumbani mafuriko yakija mchana, sio mmoja wa kujaza nafasi.

Kuhusu mwalo na wavuvi, nawaomba kipekee. Mmeona Ukara na Bukoba, waokoaji wetu wa kweli ni hawa watu, tuache kuwashukuru tu kwenye misiba. BMU mnazo, yaani vile vikundi vya usimamizi wa mwalo, wachagueni vijana kumi wanaojua kuogelea vizuri, ombeni Zimamoto waje wawafundishe kumtoa mtu majini na kumpa huduma ya kwanza, wafundishwe pia nini wasifanye kwenye chombo kilichopinduka. Mafunzo ya namna hiyo hayahitaji jengo, yanahitaji siku chache, kamba, na mtu anayejua.

Nilipomaliza kuongea yaliulizwa maswali kadhaa, nitaweka mawili.

Mtendaji mmoja wa kata aliuliza kama kamati inaweza kumlazimisha mtu ahame anapokataa. Nilimjibu kwamba asianzie kwenye nguvu. Watu wengi wanaokataa kuhama usiku wa mvua hawakatai uhai, wanaogopa ng'ombe na mahindi yao kuibiwa. Kamati ikishakuwa imepanga sungusungu wa kulinda nyumba zilizoachwa na mahali pa kuweka mifugo, hao wabishi wanapungua mno. Wanaobaki, hapo ndo unamhusisha mkuu wa wilaya ambaye ana vyombo vyake, na unafanya hivyo mapema, sio saa nane usiku.

Swali la pili lilitoka kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee wa makamo, akasema mwanangu haya yote mazuri lakini sisi kijiji hela tunatoa wapi. Nikamwambia baba, kijiji chako kina mapato, kuna ushuru wa mwalo, kuna mnara wa simu, kuna minada. Bajeti ya kijiji inapitishwa na mkutano mkuu ambao kisheria unakaa kila miezi mitatu. Kwenye mkutano unaokuja weka ajenda ya maafa iwe namba tatu, isiwe ya mwisho kwenye mengineyo. Wasomee watu majina ya kamati hadharani, asiyetaka ajitoe palepale. Ombeni kifungu kidogo tu, majaketi okozi kumi, kamba, tochi kubwa mbili, filimbi kwa kila balozi, na mafuta ya akiba ya injini ya boti yanayokaa sehemu moja inayojulikana na hayaguswi kwa safari nyingine yoyote. Muhtasari uandikwe, upigwe muhuri, nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa mratibu wa maafa wa wilaya, na abaki nayo moja mwenyewe. Akauliza, na wilaya wakikaa kimya? Nikamwambia kijiji kimeshanunua filimbi, baba, hiyo haihitaji majibu ya wilaya, na barua ya kuwakumbusha unaandika mwezi unaofuata ukiambatanisha muhtasari uleule.